Miaka Thelathini na Mmoja ya Kutikisa Maboksi

Ijumaa hii, saa kumi jioni, fundi wetu mkuu wa amplifaya anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika karakana hii ya vyombo vya muziki. Alianza kama msaidizi wa stoo, akajifunza umeme kwa kuchungulia mabegani mwa mafundi, na haikupita miaka sita wao ndio wakawa wanachungulia begani mwake.

Sote tunamwita Mzee Tikisa. Hajawahi kusaini kitabu cha mapokezi kabla ya kulitikisa boksi na kulitegea sikio. Madereva wa mizigo wakimwona mlangoni huanza kukumbuka safari nyingine. Kikilia kitu ndani, hasaini ng'o. Anaandika "Kimefika kikiwa kimeumia" na kumrudishia dereva kalamu kwa heshima zote.

Mwaka juzi tuliletewa amplifaya ya gitaa kutoka mji wa mbali. Mwenyewe, mwalimu wa muziki, aliirithi kwa marehemu baba yake, na aliituma kwetu kwa sababu ilikuwa inakoroma. Njiani ilibebwa kichwa chini miguu juu, transfoma ikang'oka na kuponda taa za kioo za ndani zinazokuza sauti. Mzee alitikisa, akasikiliza, akavua kofia. Mwalimu alipopigiwa simu alisema, "Fundi, hiyo ndiyo sauti ya baba iliyobaki nyumbani." Tangu hapo Mzee aliacha mzaha. Wiki tatu alishinda ameiinamia, chai ikipoa pembeni, mpaka ikaimba bila kukoroma. Akaifunga mwenyewe kwa sponji tabaka mbili, na juu ya boksi akaandika kwa wino mwekundu: TIKISA KABLA YA KUSAINI.

Mwalimu ni mtu msikivu. Alitikisa, kitu kikalia, akakataa kusaini. Boksi likarudi.

Mzee akawaka. Aliiandikia kampuni ya mizigo barua ya kurasa mbili iliyogusa mpaka malezi ya madereva wao. Wakamtuma ofisa kushuhudia boksi likifunguliwa. Mzee alilegeza skrubu za nyuma, akaingiza mkono, akatoa miwani yake. Ndiyo ile ile iliyopotea, ambayo kwa siku kumi na moja alikuwa amemshuku mlinzi, mama wa chai, na hasa mimi, kwamba tumeiiba, kwa kuwa meza yangu na yake zimepakana. Ofisa aliangalia dari. Mimi niliangalia viatu vyangu, maana ningekutana macho na mtu yeyote ningeangua kicheko.

Kumbe miaka yote hiyo alitikisa maboksi yanayoingia tu. Yanayotoka hakuyatikisa hata moja, kwa kuwa yametoka mikononi mwake. Nyani haoni kundule, na sisi tulikuwa tunamwogopa mno kumwambia.

Aliandika barua ya kuomba radhi, ya kwanza katika utumishi wake, kisha akapanda gari la mizigo na kuipakata amplifaya mwendo wote. Mwalimu akaitikisa: kimya. Akachomeka gitaa, akapiga. Mama yake akatoka jikoni na mikono yenye povu, akakaa kizingitini. Mzee alirudi kwetu na macho mekundu, akasema ni mafua. Hatukubishana naye.

Kesho yake aliniita mezani kwake. Akaniambia kuanzia siku hiyo kila boksi linalotoka nitalitikisa mimi, yakiwemo yake. Sijawahi kupewa cheo kikubwa kuliko hicho, na nitamkosa kila asubuhi.

Mzee wetu, asante kwa kutufundisha kazi, na zaidi kwa siku ile uliyokubali kosa mbele yetu sote. Zawadi yako ni kamba ya kuning'inizia miwani shingoni. Boksi lake nimelitikisa mara mbili. Nenda ukapumzike na mama na wajukuu, na chai uinywe ikiwa moto. Ukiondoka Ijumaa nitafungua kitabu cha mapokezi na kuandika kwa wino mwekundu: "Amefika akiwa mzima." Hapo nitasaini.