Maneno Nyuma ya Picha

Basi letu la Mitla kupitia Tlacolula lilikuwa limeshang'oa nanga alipodandia mzee kipofu, akaketi kando ya Mama Eufrosina, mfumaji. Simu ya mzee ikamsomea kwa sauti maelezo ya picha za duka moja la mtandaoni: “Zulia bei poa Oaxaca, zulia bei poa Oaxaca,” mpaka abiria tukakariri.

“Duka langu hilo!” mama akashtuka. “Niliambiwa maneno hayo yaliyofichwa nyuma ya picha yataleta wateja mtandaoni.”

“Mimi yamenileta, mama, ila sijaona kitu. Namtafutia binti yangu zulia la harusi.”

Mama akainama. “La picha ya kwanza alilifuma marehemu mama yangu. Jekundu, la rangi ya wadudu wa dungusi. Nami nikaliita bei poa!”

“Basi nisimulie.”

“Mazulia yote, baba, hadi la mwisho.”

Soko la Jumapili la Tlacolula, alikokuwa ashuke mama kuuza, likapita, bidhaa zake zikiwa bado juu ya basi. Tuliposimama Mitla, mama alikuwa akisimulia zulia la mwisho.