Siku Marsaili Alipotoka Benchi la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, leo hatuanzi na muziki. Leo tunaanza na jina. Marsaili Macaskill, wa upande wa kaskazini hapa kisiwani kwetu Lewis, ametutoka Jumanne asubuhi, nyumbani kwake, binti yake Seonag akiwa amemshika mkono. Marsaili Macaskill. Kama hukuwahi kuonja supu yake ya kondoo, pole sana, maana nusu ya kisiwa imeinywa.

Mnajua msimu wa Meza ya Bwana ulivyo kwetu. Ibada tangu Alhamisi hadi Jumatatu. Wageni wanamiminika kutoka kila usharika, na kila nyumba inajaa. Ya Marsaili ilifurika. Watu walilala hadi chini ya meza ya jikoni, na asubuhi kila mmoja alipata uji wa shayiri wa moto. Na vile vitambaa vyeupe vya meza za kanisani, ni yeye aliyevifua na kuvipiga pasi. Mwaka nenda, mwaka rudi.

Lakini mezani hakukaa. Narudia, kwa ajili ya vijana mnaotusikiliza: Marsaili alifua vitambaa vya meza ile, na kwenye meza ile hakukaa. Mkate na divai vilipopita, yeye alikuwa benchi la nyuma, kichwa chini.

Si kwamba hakuwa mcha Mungu. Nani angemzidi? Ni ugonjwa wetu sisi, tuseme ukweli. Wenzetu huko kwingine wanaikimbilia meza. Sisi tunaiogopa. Mtu anajipekua moyo, anatafuta alama ya neema, machozi fulani, nuru fulani. Asipoiona anabaki nyuma mpaka siku ya kuzikwa. Na majirani walikuwa wanamtazama Marsaili. "Kama yeye hathubutu, mimi nani?" Wakabaki nyuma pamoja naye.

Kisha mumewe akaugua. Torcuil, mfumaji wa nguo za sufu, mtu wa utani asiyejua kunyamaza. Mapafu yakamwangusha. Utani ukaisha, hofu ikaingia.

"Baba hakuogopa kufa," Seonag ametuambia. "Aliogopa kukutana na Mungu. Kutwa alikuwa anauliza, 'Nina nini cha kumwonyesha mimi?'"

Marsaili akakaa kando ya kitanda.

"Huna haja ya kumwonyesha kitu, mzee wangu," akamwambia. "Mtu anahesabiwa haki kwa imani, si kwa kazi zake. Kristo ameshamaliza kila kitu. Wewe mwamini tu."

Torcuil akamgeukia. "Wewe unayaamini hayo?"

"Tangu utotoni."

"Basi mbona unakaa nyuma?"

Marsaili akainama, akaanza kunyoosha shuka lisilokuwa na mkunjo.

"Unaona?" Torcuil akasema taratibu. "Kama imani haikutoshi wewe, Marsaili, mimi itanifaa nini?"

Wasikilizaji wapendwa, maneno hayo yalimchoma. Alitoka akaenda kujifungia kwenye kibanda cha kufumia, akalia. Seonag anasema alilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yake mwenyewe. Maisha yake yote alikuwa amewafundisha watoto wa shule ya Jumapili kwamba haki ya Mungu ni zawadi, huku yeye anangoja kwanza astahili kuipokea. Na sasa mume wake alikuwa anakufa bila tumaini, kwa kumtazama yeye.

Jumamosi ya msimu wa Meza akavaa kofia yake nyeusi, akaenda mbele ya wazee wa kanisa. Hao ndio wanaotoa kile kibati cha kumruhusu mtu kuja mezani. Aliyeuliza maswali alikuwa Iomhar Nicolson, na mnamjua Iomhar, hacheki hata harusini.

"Dada Marsaili, umeona alama gani ya neema ndani yako?"

"Hakuna."

Wazee wakatazamana.

"Hakuna?"

"Hakuna, Iomhar. Nimetafuta humo tangu nikiwa msichana. Nimechoka kujitazama. Nakuja kwa sababu ya Kristo, siyo kwa sababu yangu. Kama mna swali jingine ulizeni upesi, nina mgonjwa nyumbani."

Tulimpigia Iomhar simu jana. "Nilikuwa na maswali mengine mengi," akasema. "Niliyasahau yote."

Kibati akapewa.

Jumapili mchungaji akaonya, kama kawaida, ni akina nani wasithubutu kuja. Mwongoza zaburi akaanza kuimba. Na huko nyuma, Marsaili Macaskill akasimama. Akatembea katikati ya kanisa, watu wote wanaona, wengine wamesahau kuimba. Akakaa mbele ya kitambaa alichokipiga pasi kwa mkono wake, akatoa kibati chake, akapokea mkate. Seonag alikuwa hapo. "Sijawahi kumwonea mtu fahari kama siku ile," anasema. Sisi pia, Seonag. Kisiwa kizima.

Alipofika nyumbani, Torcuil alikuwa macho, anamngoja.

"Ulienda?"

"Nilienda."

"Ulijisikiaje?"

"Magoti yaliniuma."

"Wacha mzaha. Nuru je? Hukuona kitu?"

"Sikuona kitu, Torcuil. Nilinyoosha mkono, nikapewa. Mkate wenyewe ulikuwa mkavu."

Torcuil akacheka mpaka kikohozi kikamshika. Alipopata pumzi akasema, "Kumbe. Basi hata mimi naweza."

Alifariki wiki hiyo hiyo, na hakuuliza tena ana nini cha kuonyesha. Na msimu uliofuata, wale waliokuwa wakisema "mimi nani" walisimama mmoja mmoja, mpaka ikabidi itandikwe meza nyingine. Marsaili akafua na kitambaa cha meza hiyo.

Kwako Seonag, kwa wajukuu na ukoo wote wa Macaskill, poleni sana. Sisi hapa hatuna desturi ya kuwaombea waliokwisha kwenda. Tunawaombea ninyi mliobaki, Mungu awatie nguvu. Mlikuwa na mama wa kujivunia, nasi tumejivunia pamoja nanyi.

Nanyi wengine, tafakarini. Wiki ijayo msimu unaanza, na Jumamosi wazee watakaa. Kama wewe ni wa benchi la nyuma, na unanisikia sasa hivi huku sufuria iko motoni, watakuuliza una nini. Waambie huna kitu. Njoo hivyo hivyo.