Daraja la Mto Mweusi

Benchi la Shangazi Birika, muuza kahawa, liko chini ya ngazi za jengo lenye kampuni ya gemu ghorofa ya pili, na Ijumaa hiyo Injinia alikuwa amelikalia tangu saa nne, wala hana dalili ya kupanda kazini. Jina la Injinia alipewa hapo hapo kijiweni, kwa kuwa ndiye anayejenga milima, miji na barabara ndani ya gemu linalochezwa mtandaoni na maelfu ya watu. Miaka sita anajenga, na hakuna mchezaji hata mmoja anayemjua. Halafu miezi minne iliyopita kaajiriwa Dada Majibu, kazi yake kusoma malalamiko ya wachezaji na kuwajibu, na tayari wanamwimba! Wivu ulikuwa umemjaa Injinia.

— Kwani leo huko juu hakuna kazi? aliuliza Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, taulo begani.

— Kazi ipo. Ninayo hapa. Injinia aliupapasa mkoba wa kompyuta mapajani. — Daraja nimelitengeneza, limekwisha tangu jana. Silitoi.

— Daraja lipi tena?

— La Mto Mweusi, ndani ya gemu. Miaka miwili wachezaji wanalalamika eti wakifika katikati wanatumbukia. Mimi nikasema hawajui kucheza. Basi yule bibiye kaja, kawaandikia: “Tumekosea, daraja lina tundu, Ijumaa saa nane mchana litakuwa limezibwa.” Bila kuniuliza!

— Hakukuuliza kabisa? alidakia Shangazi, birika mkononi.

— Aliuliza kwenye kikao cha asubuhi, hiki kipya cha kusimama dakika kumi. Mimi vikao vya kusimama siendi.

— Haya.

— Sasa saa nane ifike, daraja liwe lile lile, watu watumbukie. Tuone watamwimba nani.

Pasi, dobi wa pembeni, aliweka kikombe chini. Alipenda sana maneno ya namna hii.

— Yule mimi namjua. Barua za sifa anajiandikia mwenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako, na nguo zake nafua mimi. Kila mfuko una kalamu! Mtu mkweli kalamu tatu za nini?

— Ajiandikie barua mia nne kwa wiki? Wembe alibeua midomo. — Hapana. Ukoo wao ni mkubwa. Kawagawia mabinamu simu, wanacheza, wanasifu. Mwenda pole hajikwai.

— Hiyo methali inaingiaje hapo? aliuliza Shangazi.

— Inaingia tu, Shangazi. Mimina.

— Basi niwaambie ukweli, alisema Pasi, sauti chini. — Hilo tundu katoboa yeye.

— Tundu lina miaka miwili, yeye ana miezi minne!

— Alitoboa kabla hajaajiriwa. Ndivyo wajanja wanavyoomba kazi. Chelewa chelewa utakuta mwana si wako!

Injinia alicheka mpaka machozi. Alijua ni uongo mtupu, lakini uongo huo ulimwingia vizuri. Hakuwaambia kinachomuuma hasa: wiki iliyopita wachezaji walimchorea Dada Majibu kadi kubwa, ikabandikwa ukutani mbele ya meza yake yeye Injinia. Nyuma ya kichwa cha yule dada wamechora mlima. Mlima ule kaujenga yeye, kwa miezi mitatu. Wamechora mlima wake, wakaandika jina la mtu mwingine.

Hapo akaja mwuguzi mmoja, sare mwilini, kuchukua nguo zake kwa Pasi. Aliomba kahawa, akaketi kwenye ncha ya benchi.

— Nimesikia mnataja Mto Mweusi. Nami nalicheza gemu hilo! Mdogo wangu yuko mbali, mwaka wa tatu hatujaonana, basi huwa tunakutana humo. Yeye yuko ng'ambo ile, mimi ng'ambo hii. Kila nikijaribu kumfuata, chubwi! Leo nimebadilishana zamu. Yule dada kasema saa nane.

— Aliyelijenga hilo daraja ndiye huyu hapa, alisema Wembe kwa majivuno, kana kwamba kamzaa.

Mwuguzi aliinuka, akamshika Injinia mkono kwa mikono yote miwili.

— Kumbe ni wewe! Jamani, hongera. Ile milima yako mimi huwa nasimama tu kuitazama.

Miaka sita Injinia alikuwa anangoja maneno hayo. Uso ukamchanua.

— Basi nisaidie, kaka yangu, maana ahadi za watu sizijui. Wewe ukilivuka hilo daraja, unapita upande gani usitumbukie?

Injinia aliuvuta mkoba kifuani. Huko ghorofani wajenzi hawatembei ndani ya gemu. Wanabonyeza kitufe, wanapaa, wanakagua kazi kutoka juu. Miaka yote hiyo hakuwahi kulikanyaga daraja lile hata mara moja.

— Mjibu basi, alisema Wembe.

Pasi alitafuta methali, hakuipata.

— Saa saba na robo, alisema Shangazi, ingawa hakuna aliyemuuliza saa.

Injinia aliinuka. Wivu haukumtoka, alipanda nao ngazi, mkoba kifuani, bila kuaga.

— Mbona hajanijibu? aliuliza mwuguzi.

Shangazi alilitikisa birika. Lilikuwa tupu.

— Anakwenda kuangalia, mwanangu.