Masikio Aliyoyaficha Marehemu Raphaël Kalonda

Waheshimiwa mapadri, shefu wetu, wakwe, wazee wa pande zote mbili, majirani wa Kasongo, na ninyi mliofika asubuhi hii kutoka Kabambare na vumbi lenu lote, familia inawaomba mkae, mwenye kiti kwenye kiti, mwenye mkeka kwenye mkeka, msikilize maisha ya marehemu Raphaël Kalonda. Msomaji ni mpwa wake, dereva wa kamio la mizigo, mtu aliyefika Kindu, Kongolo hadi Usumbura na kurudi na akili ileile aliyoondoka nayo, ambaye hakuchaguliwa kwa hekima bali kwa ukubwa wa koo, kwa sababu katika ukoo mzima ndiye pekee ambaye marehemu aliweza kumsikia bila kumtazama.

Katika maisha haya mna jambo la aibu. Jana wazee walitaka tuliruke, wakasema mtu hazikwi uchi, lakini mjane, mama Régina, aliwajibu akiwa amekaa chini, bila kuinua kichwa, "Muisome yote. Aliificha ile kitu, ikatunyang'anya nyumba. Sasa munamufichia nani?" Basi itasomwa yote.

Marehemu Raphaël Kalonda alizaliwa mwaka 1909 katika kijiji cha Kyamulimba, karibu na mto Luama, teritware ya Kabambare, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Museme, aliyekuwa msemaji wa ukoo wetu katika mambo ya mahari, na mama Kabila Nyota, mfinyanzi wa vyungu. Mwaka huo vijiji vilikuwa vikihamishwa kwa ajili ya ugonjwa wa malale, kwa hiyo siku yenyewe hakuna aliyeikumbuka, na tarehe ya kwanza Juni iliyo kwenye kitambulisho chake alipewa na karani aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Mwaka 1919 alipelekwa shule ya misioni hapa Kasongo, akajifunza kusoma, kuandika, hesabu na useremala kidogo, akabatizwa tarehe 24 Desemba 1923, na walimu wake wote walimsifu kwa jambo moja, sikio, maana aliimba sauti ya pili bila kufundishwa, na mwenzake akikosea mstari katikati ya misa, yeye alikunja uso kama mtu aliyeuma jiwe ndani ya wali. Aliacha shule mwaka 1925, akafanya kazi ya barabara, kisha ya kubeba mizigo, na tarehe 6 Machi 1933 akaandikwa katika machimbo ya dhahabu upande wa Salamabila, kwanza kwenye sepetu, baadaye kwenye baruti, kazi ya kutoboa mwamba, kutia fitili, kuwasha na kukimbia.

Tarehe 27 Aprili 1935, siku ya Jumamosi, alifunga ndoa na Régina, binti wa mama Faida, wa kijiji jirani na Kabambare, akawa mkwe wa heshima sana, yaani mkwe wa kupita njia ya mbali akimwona mama mkwe shambani, kama desturi inavyotaka. Mungu aliwapa Marcelline, aliyezaliwa tarehe 3 Machi 1936, na Ismaël, aliyezaliwa tarehe 19 Novemba 1938.

Miezi mitatu kabla ya Ismaël kuzaliwa, tarehe 12 Agosti 1938, fitili moja iliwaka upesi kuliko desturi yake, baruti ikalipuka kabla hajafika mbali. Marehemu hakupata hata mchubuko, alijipangusa vumbi, akacheka, wenzake wakamwita mtoto wa bahati, lakini tangu saa ile nyenje waliingia kichwani mwake, wakakaa. Katika sikio la kushoto walikuwa nyenje wa kiangazi, wasio na pumzi, katika la kulia ilikuwa kama birika linalokaribia kuchemka na lisilochemka, na nyuma ya kelele hizo sauti za watu zikaanza kurudi nyuma, kwanza za watoto, kisha za wanawake, mwisho hata za wanaume wenye vifua.

Hakumwambia mtu. Mchimbaji asiyesikia mluzi wa hatari hawekwi kwenye baruti, hilo aliliogopa, lakini lililomfunga kinywa hasa lilikuwa hili, kwamba baba yake alikuwa amezeeka, na ukoo ulikuwa umekwisha kumtaja yeye kuwa msemaji baada yake, na msemaji ni mtu wa kusikia neno la upande wa pili na kulijibu kabla halijapoa. Tena sisi tunajijua, kwetu mtu kipofu hushikwa mkono, lakini kiziwi huchekwa, na marehemu mwenyewe alipokuwa kijana alichekesha kampi nzima ya machimbo kwa kumwigiza mzee mmoja kiziwi, akajua vizuri kicheko kile kina meno kiasi gani.

Akajifunza ufundi wa kuficha. Alikaa mgongo ukutani ili wote wawe mbele yake, alisoma midomo, na jioni moto ulipofifia alikuwa wa kwanza kuongeza kuni, watu wakamsifu kwa bidii, kumbe giza lilikuwa linamziba masikio. Alipocheka mwenzake naye alicheka, akichelewa kidogo tu, na aliposhindwa kabisa alisema "Ni vile, ndugu yangu, ni vile kabisa," jibu lililomfanya siku moja kuwa baba wa ubatizo wa mtoto asiyemjua. Zaidi ya yote alizungumza, alizungumza bila kupumua, hadithi juu ya hadithi, kwa sababu mtu anayesema haulizwi. Alitia mafuta ya mawese ya vuguvugu masikioni kwa siri, akakamua majani humo, na akikutwa alisema ameingiwa na sisimizi. Usingizi ulimjia mvua ikipiga bati, au wanawake wakitwanga karibu, kwani kelele ya nje iliwafunika nyenje wake, na siku ya utulivu, ile ambayo wengine huiita siku nzuri, kwake ilikuwa adhabu.

Sasa ndipo tunafika mtoni. Mwezi wa Julai 1941 kiangazi kilikuwa kikali, vijito vidogo karibu na kijiji cha wakwe vilikauka, ukabaki mto mmoja wa kuogea watu wote, na ninyi wa Kabambare mnajua sheria yake, kwamba anayekuja husimama mwanzo wa kinjia, juu, akaita hodi, na aliye majini hujibu "Kuko watu!", basi anayeita hungoja au hurudi, lakini asipojibiwa, maji ni yake. Marehemu alikuwa amekuja likizo na mkewe na watoto. Alasiri ya tarehe 17 alichukua sabuni na taulo, akasimama mahali pa kusimama, akaita kama mtu mwenye malezi, akangoja, akasikia nyenje wake peke yao, akaita tena, akangoja tena, akateremka.

Aliyekuwa majini alikuwa mama Faida, mama mkwe wake.

Mama Faida alikuwa amejibu. Alijibu kila mara alipoitwa, na wanawake waliokuwa wakifua chini kidogo walisikia, na mmoja wao hata alisaidia kupiga kelele. Marehemu alisimulia baadaye kwamba aliona kwanza kinywa kilichofunguka, bila sauti, kama cha samaki, ndipo akajua ni kinywa cha nani, akajifunika uso kwa taulo, akakimbia akiwa amejifunika, akagonga mti, akaanguka, akainuka, akaikimbilia njia ya wafuaji, akawapitia wote katikati.

Jioni ileile Amuri, kaka yake Régina, alikuja na wazee wawili. Alisimama mbele ya marehemu, uso kwa uso, kwa hasira, na kwa bahati mbaya au nzuri hilo lilimfanya aeleweke kila neno. "Shemeji, mama aliitika. Wanawake wote walisikia. Masikio yako iko wapi? Ao ulikuwa unatafuta nini kule?" Mlango wa kutokea ulikuwa wazi kabisa, neno moja tu lilitosha. Mama Régina alikuwa pembeni, amembeba Ismaël, anamtazama mumewe, anangoja. Marehemu akaangalia chini, akatabasamu ile tabasamu yake ya kufichia, akajibu, "Nilikuwa na mawazo mingi, shemeji. Munisamehe."

Mawazo! Mtu amemkuta mama mkwe majini, anasema alikuwa na mawazo. Amuri alitema mate, akachukua mkono wa Marcelline, akamwambia dada yake, "Twende. Huyu haiko mutu, iko nyama ya pori," na Régina akaenda, akageuka mara moja kwenye kona ya nyumba, akaenda. Ndivyo marehemu alivyochagua, mbele ya macho yetu wote, kuitwa mchafu kuliko kuitwa kiziwi, akarudi kampini peke yake, na huko, bila mtu wa kuzungumza mbele yake, nyenje wakapata nyumba nzima.

Tarehe 20 Septemba 1941 wazee wa pande mbili waliketi ili kuvunja ndoa. Marehemu alikuja na mzee Museme, na kwa heshima aliketi akiupa mgongo mkeka uliosimamishwa, ambao nyuma yake alikaa mama Faida, kwa sababu baada ya jambo lile hawakuruhusiwa hata kuonana vivuli. Wazee walisema, Amuri alisema, marehemu alifuata midomo, akajibu sawasawa. Ndipo mama Faida, nyuma ya mkeka, akauliza mwenyewe, taratibu, "Mwanangu Raphaël, uliponiita ukasikia nimejibu, kwa nini ulikuja?"

Watu wakageuka wote kumtazama. Yeye aliona nyuso nyingi zimemwelekea, midomo yote imefungwa, akadhani pamepita utani, akatabasamu.

Amuri aliinuka na fimbo. Mzee Museme akamzuia, akamtazama mwanawe, akatazama mkeka, akatazama tena mwanawe, na marehemu akaona uso wa baba yake ukibadilika, akageuka nyuma, akaona ule mkeka, akaelewa kwamba ameulizwa na hakusikia, na kwamba sasa wote wanajua, au wanakaribia kujua. Akasimama. Alisema kwa sauti ya mtu asiyejua kipimo cha sauti yake, hata waliokuwa shambani wakainua vichwa, "Miye niko kiziwi! Sisikii! Nilisema hodi, sikusikia kitu! Niko kiziwi!" Kisha akafunika uso kwa mikono yote miwili, akalia kama alivyoanguka siku ile, bila kuangalia mahali.

Nyuma ya mkeka mama Faida aliuliza, "Tangu lini?" na hapakuwa na wa kumfikishia swali, kwa sababu macho ya marehemu yalikuwa yamefunikwa. Régina alitoka upande wa wanawake, akavuka katikati ya wazee, jambo ambalo halifanywi, akapiga magoti, akaondoa mikono usoni pake, akamwambia kwa midomo, "Mama anauliza, tangu lini." Alijibu, tangu fitili ya Salamabila. Kisha akamuuliza, chini chini safari hii, "Weye ulijua?" Régina akasema, "Nilijua zamani. Nilikuwa nangoja uniambie weye."

Ndoa haikuvunjwa. Mbuzi alilipwa hata hivyo, kwa sababu mama Faida alisema masikio yamesamehewa lakini macho yaliona yaliyoona, na aliagiza kwamba tangu siku hiyo anayeoga mtoni aweke tawi bichi katikati ya kinjia, na mpaka leo linawekwa. Usemaji wa ukoo ulipewa mdogo wake, kwenye baruti aliondolewa, na aibu haikumtoka kwa siku moja, kwani watoto wa kampi walimwita kiziwi, naye akaumia, lakini alituambia kwamba neno gumu kuliko hilo ni lile tunalolisema sisi tunaompenda, tukichoka kurudia mazungumzo, "Wacha, si kitu," ambalo alijifunza kulisoma kwenye midomo yetu upesi kuliko yote.

Mwaka 1946 walihamia hapa Kasongo, akaajiriwa katika kiwanda cha mbao cha Mgiriki mmoja, mahali palipomfaa kuliko pote, maana misumeno ilipokuwa ikizunguka wote walikuwa viziwi, naye peke yake alikuwa na uzoefu, akawa kapita, msimamizi wa wenzake. Hapo ndipo alianza kuwaambia wageni mwenyewe, kabla hawajakaa, "Keti hapa mbele, ndugu, huku nyuma hakuna mutu." Mtoto wao wa mwisho, Léontine, alizaliwa tarehe 8 Februari 1943, na kabla hajajua kuita baba alijua kwamba baba huitwa kwa kuguswa goti.

Mwezi wa Mei mwaka huu wa 1957 kifua chake, kilichokuwa na vumbi la mwamba tangu machimboni, kilianza kumsumbua, akalazwa hospitalini Kasongo mara mbili, na huko wagonjwa wengine walishangaa kuona yeye na mkewe wakizungumza mchana kutwa bila sauti, midomo tu, wakicheka, wakigombana, wakipatana, na hakuna aliyeweza kudukua. Alifariki tarehe 9 Oktoba 1957, siku ya Jumatano, saa tisa za mchana, mkewe akiwa mbele yake, akiwa na miaka arobaini na minane, akiacha mjane, watoto watatu na mjukuu mmoja.

Familia inamshukuru daktari na wauguzi, hasa muuguzi Hawa, aliyezoea kuzunguka kitanda hadi mbele ya uso wake ndipo aseme, inawashukuru mapadri, majirani waliopika na waliolala nje na sisi, wafanyakazi wa kiwanda cha mbao walioranda jeneza hili kwa mikono yao, na wakwe wote, pamoja na shemeji Amuri, aliyelibeba kutoka hospitalini, na mama Faida, ambaye leo ameketi hapa mbele, bila mkeka, kwa idhini ya wazee.

Kabla kifuniko hakijapigiliwa, mama Régina ameomba asimame mbele ya mumewe aseme neno lake. Atalisema kwa midomo tu. Tunawaomba mwangalie pembeni, tumwache asikie.

Pumzika kwa amani, mjomba wetu Raphaël.