Jibu la Juu

Nilishasema mara mbili kwamba habari hii si ya kuniuliza mimi. Nina maharage ya kupeta, na mwenye habari ni Driwaru, yuko hai, ana meno yake yote, angeweza kuulizwa mwenyewe. Ila Driwaru akiisimulia huwa anajiruka. Basi kaeni, na mtu asinikatize kuniuliza gemu ni nini. Gemu ni picha ya televisheni inayosukumwa kwa vidole, na hii yao ilikuwa ndefu kuliko kesi ya shamba.

Benchi la habari hii liko Arua, kando ya barabara ya kwenda Koboko, mbele ya kibanda cha video cha Nasur. Driwaru anauza kahawa ya tangawizi hapo, birika moja asubuhi na moja mchana. Nasur wanamwita Vijei, kwa kuwa kazi yake ni kushika kipaza sauti na kuwageuzia watu maneno ya filamu. Filamu zikiisha anacheza gemu, Kengele Saba, na watu wanalipa kumtazama. Mwanamume mmoja anapanda milima saba kupiga kengele saba, na msichana mwenye upinde anafuatana naye. Gemu inakuruhusu kuwapa majina. Mwanamume Nasur alimwita Jenerali. Msichana alimpa jina la mke wake, Patricia, aliyekwisha kuondoka. Kila mara, kwenye daraja la mlima wa tano, msichana anamwacha Jenerali, na Nasur anatangaza kwa kipaza sauti kwamba amemfuata mfanyabiashara wa vitunguu wa Koboko. Ametangaza hivyo miaka kumi na minane. Patricia wa nyama na damu anauza mitumba Koboko, hajawahi kuuza hata kitunguu kimoja, lakini hata huko wanamwita Mama Vitunguu.

Hayo yote Driwaru aliyachukulia kama kelele za kibanda mpaka Jumapili ile. Kanisani alisikia kwamba Laurette, binti wa Patricia na huyo huyo Nasur, alikuwa ameposwa na watu wa Pajulu, na watu wa Pajulu wamenyamaza. Mjomba wao mmoja aliwahi kukaa kibandani, akasikia ya vitunguu. Alisema mama akikimbia mume, binti naye atakimbia.

Jumanne asubuhi Driwaru alimimina kahawa, akaketi karibu na birika, akawasikiliza wanaume wakibishana, kama kawaida, Kengele Saba ya nani ndiyo ya kweli, maana kila mmoja ana toleo lake.

— Ya zamani ndiyo ya kweli, Nasur alisema. Kaseti yangu ilitoka Japani moja kwa moja, hakuna mutu aligusa. Hizi zingine ni mjukuu wa mjukuu.

— Ya zamani watu iko kama viraka vya blanketi, Adriko alisema. Jenerali yako hana pua.

— Pua ya nini? Anapiga kengele na pua?

Adriko anaendesha boda, pikipiki ya kubeba watu. Wanamwita Chaji, maana simu yake haijawahi kushiba umeme, na gemu anaicheza humo humo kwenye simu.

— Na wewe Chaji usiongee, Nasur akaendelea. Ukibonyeza, dole gumba lako linafunika mlima mzima. Wewe unacheza dole.

— Lakini yangu iko na rangi. Na natembea nayo.

— Kinyozi pia anatembea na mkasi.

Serge alicheka mpaka akamwaga kahawa. Yeye analeta vitenge kutoka Ariwara, ng'ambo ya mpaka, wanamwita Mesye, yaani bwana kwa Kifaransa, na gemu yake ni diski ya Kifaransa.

— Ninyi wote munapoteza wakati, alisema. Ya kwetu walirudia kazi yote. Wimbo ni wa vinanda vya kweli. Milima walichora na mukono. Na ile Patricia haendi fasi yoyote. Anabaki mpaka kengele ya saba.

— Diski yako iko na mkwaruzo, Adriko alisema. Mimi niliona. Pale kwa daraja inakwama, halafu inaruka mpaka mtoni.

— Inakwama, sikatai. Lakini ikifika mutoni, Patricia iko pale pale, anapika samaki.

— Kwangu mara ya kwanza alienda, mara ya pili alibaki, Adriko alisema. Na sikufanya kitu tofauti.

Hapo ndipo walipokuwa wakikwama wao wenyewe kila siku, kama diski ya Serge. Mbona gemu moja, msichana mmoja, na anaenda hapa na kubaki pale? Boda moja ilisimama mbele ya benchi. Akashuka msichana wa miaka ishirini na kitu, viatu vya vumbi la Pajulu, akaomba kahawa bila sukari. Driwaru alimpa, akamsogezea kigoda.

— Mimi najua sababu, Serge alisema. Wazungu walilalamika. Kwao mwanamuke hawezi kuondoka katikati ya kazi, lazima amalize mukataba.

— Sio hiyo, Adriko alisema. Ni nafasi. Simu ni ndogo. Ikijaa picha za harusi ya dada yako, gemu inapunguza watu. Siku alibaki, nilikuwa nimefuta picha.

— Inapunguza watu, Driwaru alisema. Kama lori la mchanga.

— Ndiyo, mama. Inaanza na wanawake.

Nasur aliweka kikombe chini taratibu, kama mtu anayetaka kutoa hukumu.

— Yule bosi aliyetunga hii kitu, mke wake alikimbia. Ndiyo maana ya zamani iko na uchungu. Baadaye akaoa mwingine, akaona haya, akabadilisha. Hii ya Serge ni ya mke wa pili.

— Na ya kwangu? Adriko akauliza.

— Ya kwako alikuwa na wote wawili.

— Basi mimi nasema gemu inakuona, Adriko alisema, naye hakuwa akitania tena. Simu iko na jicho mbele. Inaangalia kama uko na mke ndani. Ile mara ya kwanza nilikuwa sijaoa.

— Kaseti haina jicho, Serge alisema.

— Inapima jasho la mukono kwa padi ya kubonyezea, Serge huyo huyo akajijibu, na wakaipima na hiyo.

Msichana alikuwa amemaliza kahawa yake. Alisema anaitwa Ritah, kwamba kaka yake anayo ile mpya kabisa, ya kompyuta, ambayo nywele zinapeperuka na kutoka tu kijiji cha kwanza kunachukua nusu siku. Wanaume wakamgeukia kwa heshima. Nasur akamuuliza kama humo msichana anaenda.

— Nitawaambia, Ritah alisema. Lakini kwanza nielewe hii yako, baba. Pale kwa daraja, kabla hajaenda, anasimama mbele ya Jenerali?

— Anasimama.

— Maneno yanatokea?

— Yanatokea.

— Anasema nini?

Nasur alimtazama Adriko. Adriko alimtazama Serge. Serge akaangalia ndani ya kikombe.

— Ni Kijapani, Nasur alisema.

— Najua, baba. Anasema nini?

— Anaaga.

— Umesoma?

— Mwanangu, nimecheza hii gemu kabla hujaota meno.

— Chaji, Driwaru alisema, yako si iko na Kiingereza?

— Iko. Lakini maneno mimi naruka, mama. Maneno yanakula chaji.

Hata hivyo alikuwa amehifadhi mchezo wake mlimani, hatua chache kabla ya daraja. Simu ilikuwa na asilimia tisa. Ritah aliipokea, akamsogeza yule mtu mdogo kwa dole moja, msichana mwenye upinde akasimama, maneno yakatokea. Ritah akayasoma kwa Kiswahili, polepole, bila kuyapamba.

— Anasema: ninakuchelewesha njiani. Kama ni hivyo, niambie. Unataka niende? Halafu chini kuna majibu mawili. La juu ni ndiyo. La chini ni hapana.

Benchi zima likainamia simu.

— Wewe, baba, huwa unabonyeza lipi?

— La juu, Nasur alisema. Ndilo liko karibu.

— Miaka yote?

— Ukibonyeza la juu, mambo yanaendelea.

— Na yule mtu wa vitunguu? Serge akauliza. Iko wapi?

Ritah alibonyeza la juu. Msichana wa kwenye simu aliinamisha kichwa, akavuka daraja peke yake. Hakukuwa na mfanyabiashara, wala punda, wala kitunguu. Simu ikazima.

— Kwangu swali linarukwa, Serge alisema, kama anayejisemea. Basi hakuna mutu alimufukuza.

Driwaru alikuwa na kikombe mkononi na alijikuta hakioshi. Aliiona tena asubuhi ile, nyuma ya kibanda hiki hiki. Patricia mlangoni, beseni kichwani, Laurette mgongoni, anasema: Nasur, kama nimekuchosha, sema, niende kwa ndugu zangu. Na Nasur na padi yake mkononi, macho kwenye televisheni, anasema: Nenda. Driwaru alikuwa hatua tano kutoka pale, akisuuza vikombe. Alisikia vizuri. Wiki iliyofuata vitunguu vikaanza kutangazwa, kibanda kikajaa, na birika ikawa inakauka mara mbili kwa siku. Akaona hayamhusu.

— Hata mwenyewe aliuliza, alisema sasa.

— Nani? Nasur akasema.

— Patricia. Mlangoni pale. Aliuliza, ukamwambia nenda. Nilikuwepo, Nasur. Usinitolee macho, macho yenyewe siku ile hukuyageuza.

Nasur alishika kikombe chake, akakizungusha.

— Nilikuwa kengele ya tano, alisema. Sikusikia vizuri aliuliza nini.

Ritah alimrudishia Adriko simu yake, akamgeukia Driwaru.

— Mama, hiyo ya mlangoni unaweza kuisema mbele ya baba yangu, Pajulu? Kaka yangu ndiye aliyemposa Laurette.

Driwaru akasema anaweza, akaitazama birika. Ilikuwa tupu, na hakuna aliyeomba nyingine.

Alhamisi alipanda boda ya Adriko, akaenda, akaisema, hatua tano na vikombe na yote. Watu wa Pajulu walimaliza kwanza mihogo yao, kisha wakatuma ujumbe Koboko kwamba wanakuja.

Ikabaki ya Nasur. Kaka zake Patricia walimwita Koboko, hawakumpa kiti cha mkwe, wakampangia adhabu. Atangaze Jumamosi tatu, kwa kipaza sauti kile kile, kwamba hakuna mtu wa vitunguu. Mwanamume wa gemu aitwe Nasur, si Jenerali, na msichana apewe jina lolote lisilo la dada yao. Na alete mbuzi. Jumamosi tatu alizitoa, na ya tatu kibanda kilikuwa na watu sita. Mbuzi alimleta dume, mkondefu, kamfunga nyuma ya boda. Patricia alimfunua midomo, akamtazama meno, akamwachia.

— Nenda, alimwambia Nasur.

Nasur akarudi na dume lake Arua, njia yote ile. Siku ya tatu alileta jike lenye mimba, kutoka zizi la Driwaru, kwa nusu bei, na hiyo nusu nyingine aliyoisamehe Driwaru ndiyo hasimulii. Patricia alipokea kamba. Mwezi uliofuata mbuzi akazaa mapacha, na Nasur, aliposikia, akafika Koboko amevaa shati safi, akauliza kwa adabu kama anaweza kupewa mmoja.

Patricia alimsikiliza mpaka mwisho, akachagua jibu la chini.