Maisha ya Mkereza Vyuma na Pikipiki Yake ya Mwaka 1951

Ndugu yetu marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 4 Aprili 1944, mtoto wa pili na wa mwisho wa baba mlinzi wa ghala na mama mfumaji. Mama alisimulia kwamba hata alipokuwa mchanga hakukubali kubebwa na mgeni kabla ya kumkodolea macho vya kutosha.

Alisoma shule ya msingi tangu 1952 hadi 1959, kisha akahitimu ukerezaji wa vyuma, yaani kuvichonga kwa mashine, katika chuo cha ufundi mwaka 1962. Tarehe 7 Januari 1963 aliajiriwa katika karakana ya idara ya maji, akaitumikia miaka thelathini na sita. Wenzake walimwita Bwana Hakiki, kwani kipimo kilichosomwa na mwingine alikipima upya.

Tarehe 12 Septemba 1970 alifunga ndoa na mshonaji, ambaye leo ni mjane wake. Mwaka 1973 alinunua pikipiki kuukuu iliyoundwa 1951. Alipoanza kupotelea bandani kila Jumamosi, shemeji yetu aliingiwa na shaka. Siku moja alimfuata, akamkuta amelala chali chini ya injini. “Kumbe mke mwenzangu ananuka petroli!” alisema. Tangu hapo alikishona kiti cha pikipiki ile mara tatu kwa mkono wake.

Usukani marehemu aliukereza mwenyewe. Tangi na bomba la moshi alivibadilisha pamoja na rafiki yake, fundi rangi. Kila kipuri alikipiga nukta tatu kwa msumari wa chuma, asije akabadilishiwa. Mwaka 2007 alimpa rafiki yake kabureta aing’arishe. Iliporudi iking’aa kama kioo, nukta hazikuwapo. Marehemu hakuuliza neno. Alimfungia mlango rafiki wa miaka thelathini, akaifunga kabureta ile mahali pake ili iwe ushahidi, akafunga na banda. Miaka kumi na miwili pikipiki haikutoka.

Mwaka 2018 figo zilianza kumsumbua, na mwezi Februari 2019 alilazwa. Fundi rangi alimngoja kaka wa marehemu langoni mwa hospitali, akasema, “Kaka, fungua bakuli la kabureta, tazama ndani.” Jumamosi tarehe 2 Machi asubuhi kaka alimwomba mgonjwa ufunguo wa banda, akaenda kulifungua bakuli hilo la petroli. Nukta tatu zilikuwamo, zimejaa mabaki ya petroli yaliyokauka. Zile za nje zilifutika kwa kung’arishwa, naye fundi, akiijua desturi ya mwenye mali, alizipiga upya ndani.

Kaka alimpelekea bakuli wodini. Marehemu aliomba miwani, akazihesabu.

“Nani kakwambia utazame ndani? Yeye? Basi kazipiga jana!”

“Jana kaingilia wapi? Ufunguo wa banda umeulalia wewe hadi leo asubuhi.”

Marehemu alivua miwani. “Haya, mwite. Lakini aje bila bisibisi.”

Kesho yake fundi rangi alisimama mlangoni mwa wodi, akageuza mifuko yake nje. “Nikague, shemeji,” alimwambia mke wa marehemu, “asije akasema nimeiba kitanda.”

“Mbona hukuniambia?” marehemu alimuuliza.

“Ulinipa nafasi? Na ningekwambia, ungeniamini?”

Marehemu alifikiri, akajibu kwa unyofu: “Hapana.” Kisha akamsogezea kiti.

Fundi rangi alikuja kila siku. Vidonge vya wauguzi marehemu alivihesabu na kuvinusa hadi mwisho. Vile alivyopewa na fundi rangi alivimeza bila kuvitazama. Alifariki Alhamisi, tarehe 14 Machi 2019, saa kumi na mbili na robo asubuhi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, wajukuu watano, kaka yake mkubwa anayesoma maneno haya, na fundi rangi, ambaye marehemu mwenyewe aliagiza aandikwe miongoni mwa ndugu.

Mungu ampumzishe kwa amani, asiwe na shaka tena.