Pigo la Mwisho la Emil Rautenberg

Alhamisi, tarehe 14 Mei 1931, saa nane na dakika ishirini mchana, nilikuwa nikimenya viazi jikoni kwa kaka yangu Emil. Sebuleni ukasikika mlio mmoja mkavu, kama mpira uliopigwa sawasawa. Hamkuwa na mtu humo. Ukutani lilining'inia gongo lake la besiboli tu. Muda si mrefu Bibi Stauffer, jirani mwenye simu, akaingia bila kubisha hodi.

"Lydia, mwanangu, hebu kaa kwanza."

"Ni Emil," nilisema.

"Nani kakwambia? Hospitali wamepiga sasa hivi!"

Niligeuka kuutazama mlango wa sebule.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Machi 1879 hapa Tannerfeld, Pennsylvania, akiwa mtoto wa pili wa Gottlieb na Karoline. Alibatizwa katika kanisa hili na kusoma shule yake hadi Novemba 1893. Mwezi huo yeye na kaka yetu August walikata mti nyuma ya ghala. Emil ndiye aliyeshika kamba ya kuuelekeza. Mti ulimwangukia August, akafa akiwa na miaka kumi na sita. Emil hakurudi darasani. Kutoka katika mti huo alichonga gongo lake.

Mwaka 1901 aliajiriwa na timu ya besiboli ya Corvan. Kazi yake ilikuwa kuupiga mpira mbali wenzake wakiwa vituoni, zile pembe za uwanja, ili wakimbie waingie kituo cha mwisho na kupata alama. Vituo vikiwa vitupu, alitumia gongo lolote. Wachezaji wa siku zile waliamini kila gongo lina idadi yake ya mapigo mazuri, yakiisha yameisha. Hakuna aliyemwazima mwenzake gongo lake. Emil alisema lake huwa baridi mkononi kabla ya pigo, hata kwenye jua la Julai.

"Emil, gongo lako limesemaje leo?" rafiki yake Cully Brannock alimpigia kelele kutoka kituo cha tatu.

"Limesema kaza viatu, mvivu wewe!"

Cully aliingia.

Tarehe 6 Juni 1906 Emil alimuoa Minna Dreher, aliyemtania, "Sema kweli, unanioa mimi au hilo gongo?"

"Wewe. Ila lipate msumari wake sebuleni."

Mechi yake ya mwisho ilikuwa tarehe 9 Septemba 1911. Vituo vyote vilijaa. Emil aliliweka gongo lake chini, akachukua jingine, akaukosa mpira mara tatu, akatolewa. "Rudi shambani, mzee!" watu walizomea. Ubingwa ukapotea. Kocha alipomuuliza, alijibu, "Limebaki pigo moja. Hilo ni la August."

Emil aliugua mapafu tangu Februari mwaka huu. Alipokea Meza ya Bwana hospitalini, kisha akanishika mkono. "Nizikeni na gongo langu, Lydia. Nimkabidhi August mwenyewe. Nataka anisamehe."

Ameacha mjane, Minna, binti, Hedwig, na mimi dada yake.

Asubuhi ya leo, kabla jeneza halijafungwa, nilikwenda kulitoa gongo kwenye msumari. Lilikuwa limepasuka toka mwanzo hadi mwisho, na lilikuwa na joto, kana kwamba mtu ameliachia punde tu. Nikaukumbuka ule mlio wa Alhamisi. Mchungaji Engelhardt, ambaye jana alikataa lizikwe, alilishika, akasema, "Liwekeni."

Minna aliliweka chini ya mkono wa kulia wa Emil. Tuliimba ubeti mmoja. Kifuniko kikafungwa.

Kaburi lake liko kando ya la August. Mungu awalaze ndugu hawa wawili kwa utulivu.